Siku Niliyotoa Fotei Nje

Kama kuna neno moja ninalolichukia hapa Likasi, ni neno "aneksi".

Nyumba kubwa hukaa mbele ya lupango, yaani kiwanja kilichozungushiwa ukuta, ikitazama barabara. Aneksi hukaa nyuma, karibu na tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Kila mtu wa mji huu anajua nani hukaa aneksi: kijana mpangaji asiye na mke, mpwa aliyekuja kusoma, au zamu, yule mlinzi wa usiku mwenye koti lililochakaa. Mwenye lupango hakai aneksi. Kwa hiyo tangu mimi na mke wangu tulipohamia nyuma na kupangisha nyumba ya mbele, sijaonja amani.

Wiki ile ile tuliyohama, mtu mmoja aligonga lango akitafuta kibarua cha kupaka rangi. Nilikwenda kumfungulia.

"Zamu, patron iko?"

"Minye njo patron," nikamjibu, yaani mimi ndiye mwenye nyumba.

Alinitazama kuanzia kandambili hadi kofia, kisha akaangalia nyumba kubwa, kisha akaangalia nilikotokea.

"Patron gani analala nyuma?" akasema, akacheka, akaenda zake.

Mimi! Mimi ambaye kila tofali la lupango lile nimelinunua mwenyewe.

Nijieleze, ili ijulikane hasira hii inatoka wapi. Mimi sikuachiwa kitu na mtu. Baba yangu alikuwa mvunja mawe huko Kakontwe na hakuwa na cha kurithisha ila kikohozi chake. Niliondoka hapa na begi moja, nikateremka Afrika Kusini kwa malori, nikaosha magari ya watu mchana na kusoma jioni, hadi nikapata diploma ya uchoraji wa ramani za majengo. Ipo, ina mhuri, ina fremu. Nilichora nyumba za watu wa mji ule kwa miaka mingi, na nyingi zilikuwa nyumba ndogo, zile ambazo familia nzima inaishi katika nafasi isiyozidi jiko la bibi yangu, na bado inaishi vizuri. Niliporudi nilijenga villa yenye ghorofa kwa jasho langu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mheshimiwa aliyenifungulia mlango. Watu walikuwa wanasimama barabarani kuitazama.

Lakini watoto wameoa na kuolewa, wako Lubumbashi na Kolwezi, na magoti ya mke wangu yamekataa ngazi. Vyumba vya juu tulikuwa tunavifungua ili kufagia vumbi tu, kisha tunavifunga tena. Mtu mwenye akili, katika hali kama hiyo, anapunguza. Nikamwambia mke wangu: tunapangisha mbele, tunahamia nyuma, na mimi nitaigeuza aneksi hii iwe nyumba ambayo hata watu wa mbele wataionea wivu. Nikaketi na penseli yangu nikachora.

Na kazi niliyoifanya ilikuwa nzuri, nalisema bila aibu. Niling'oa vizingiti vyote ili asilazimike kuinua mguu. Niliingiza choo ndani na kufunga bomba la chuma ukutani la kujishikilia. Kitanda nilikiinua, ili akiamka miguu iwe tayari sakafuni na magoti yasikunjwe, na chini yake nikaweka droo za mashuka na nguo. Dirisha la salon, yaani ukumbi wetu wa wageni, nililipanua. Jikoni nilipiga rafu ukuta mzima hadi darini, maana katika nyumba ndogo ukuta ndio ghala.

Nilingoja pongezi. Mke wangu alisimama katikati ya jiko, akainua macho.

"Masafuria yangu iko wapi?"

"Si yale kule juu."

"Kule? Ulipandisha masafuria yangu mbinguni? Minye na magoti haya nitaruka kama kuku?"

Nikamwambia kuna kigoda cha kupandia. Akaniambia nipande mwenyewe. Tangu siku hiyo kila akitaka kupika sombe, majani ya muhogo, ananiita nikiwa popote pale, hata nikiwa bafuni, nije nimteremshie sufuria, na akimaliza ananiita nilirudishe.

Halafu ikaja meza. Niliibuni meza inayofungwa ukutani kwa bawaba: ukitaka kula unaiteremsha, ukimaliza unaipandisha, na nafasi yako unarudishiwa. Kule nilikofanya kazi meza hizo ziko kila mahali. Siku ya kwanza tuliyoitumia, mke wangu aliweka viwiko juu yake kama anavyofanya kila mtu mwenye njaa, bawaba za sokoni zikalia kama panya, na bukari lote, yaani ugali wetu, pamoja na bakuli la samaki, likateleza taratibu hadi mapajani mwangu.  Mke wangu alichukua sahani yake, akatoka nje, akala amekaa kando ya mbabula, jiko letu la makaa, akinipa mgongo. Mgongo ule uliniudhi kuliko mchuzi.

Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Kisa chenyewe kilikuwa fotei.

Msomaji wa mbali huenda hajui fotei zetu ni kitu gani. Siyo viti. Ni makochi ya mbao nzito iliyochongwa, yenye sponji nene na kitambaa cha mahameli, kila moja linachukua nafasi ya gari dogo, na juu ya kila moja kuna kitambaa cheupe cha kufuma ambacho mgeni haruhusiwi kukiegemea ingawa kimewekwa pale pale pa kuegemea. Mke wangu alizichagua mwenyewe kwa fundi, akasimamia kila msumari. Katika villa zilikaa kama malkia. Katika aneksi ziliujaza ule ukumbi kiasi kwamba ili kutoka mlangoni hadi chumba cha kulala ulilazimika kupita ubavu, umeshikilia pumzi, kama mtu anayepita kati ya ukuta na lori.

Nikasema tuziuze. Nikasema tuweke mabenchi membamba kando ya kuta.

"Mabenchi? Kama ku dispensaire? Bamama yangu wakuje kungojea sindano?"

Bamama yake ni wanawake wa seluli, kikundi cha maombi cha kanisa lao. Kila Alhamisi wanakutana kwa mmoja wao, kwa zamu, na wanaimba, na wanaomba, na wanakula, na wanajua habari za mji mzima kabla hazijatokea. Katika villa walikuwa wanaingia wote, na mke wangu alikaa katikati yao akiwa na heshima ya mtu mwenye nyumba. Sasa zamu yake ilikuwa inakaribia. Nilipima ule ukumbi pamoja na fotei zake: wangeingia robo ya wanawake wale, magoti yamegusana, na wengine wangeimbia nje kwenye jua.

Jirani yetu, mama anayeuza vitumbua kwenye kona, ambaye naye ni wa seluli, alikuja siku moja kumsalimia. Akajaribu kupita kati ya fotei mbili. Ni mama mwenye mwili. Alikwama. Tulimvuta, mimi upande huu na mke wangu upande ule, naye anacheka na kuona haya kwa pamoja, na alipotoka alisema kwa sauti ya upole iliyonichoma: "Haina kitu, mama. Alhamisi yako tutapita kwa mwingine."

Jioni ile mke wangu hakugombana. Ndipo nilipoogopa.

"Sikiliza," akaniambia. "Mudogo yangu wa Kapolowe iko na nyumba kubwa, iko na barza, iko na chumba kitupu. Kama Alhamisi yangu itapita mu nyumba ya mwingine, minye naenda kukaa kule."

"Kukaa siku ngapi?"

"Kukaa."

"Utaniacha kwa sababu ya fotei?"

"Hapana juu ya fotei. Minye siwezi kuishi fasi bantu hawawezi kunifikia. Weye unaweza. Weye ulizoea kule kwa bazungu."

Hapo alikosea kabisa. Kule ugenini nilikula peke yangu kwa miaka mingi, nikiongea na redio. Sikurudi Likasi na kujenga na kuchora na kung'oa vizingiti ili nije nile peke yangu tena, tena kwenye meza inayoanguka. Lakini maneno hayo sikuyasema, kwa sababu alikuwa ameshazima taa. Kwa kweli umeme ulikuwa umekatika wenyewe, ila alihakikisha nijue kuwa angeizima.

Siku chache kabla ya Alhamisi yake, akapanda taksi ya asubuhi kwenda Kapolowe. "Naenda kuangalia kile chumba," alisema. Hakusema atarudi lini.

Nikaamua: leo leo. Akirudi atakuta ukumbi mweupe unaong'aa, umepimwa, umepangwa, na akili yake mwenyewe itamwambia fotei hazina nafasi. Nilinunua chokaa ya Kakontwe. Nikaita wasukuma toroli wawili wenye nguvu pale sokoni, tukatoa kila kitu: fotei zote, kabati la vioo, meza ndogo, picha, mazulia, hadi mapazia. Ukumbi ukabaki mtupu, nikatandaza karatasi za magazeti sakafuni.

Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa milima, na kama mahameli ingenyeshewa, mke wangu asingeishia Kapolowe, angekwenda hadi kwa mama yake kijijini. Tukazipanga fotei uani, zikitazamana kwa umbo la mraba, tukafunga bashi juu yake, turubai kubwa la buluu nililoazima kwa dereva mstaafu wa nyumba ya pili. Mbele yake, nje kidogo ya bashi, nikawasha moto wa kuchomea maboksi yenye mende na kuchemshia gundi ya kutia kwenye chokaa. Wasukuma toroli wakaenda. Mimi nikavua shati, nikachanganya chokaa, nikapaka dari kwanza kama inavyotakiwa na utaalamu, na chokaa ikanidondokea machoni.

Mtu yeyote aliyewahi kuingiwa na chokaa machoni anajua. Nilitoka nje nikipapasa, nikakaa kwenye fotei ya kwanza, chini ya bashi, kando ya moto. Nilikuwa mweupe kichwani na usoni, bila shati, bila viatu, machozi yakinitiririka hadi kidevuni.

Hapo ndipo mama wa vitumbua alipochungulia langoni.

Sasa, mtoto yeyote wa Katanga angeweza kuniambia nilichokuwa nimekifanya. Hapa kwetu fotei hazitoki nje kwa ajili ya rangi. Fotei zinatoka nje mtu akifa. Ukumbi unaachwa mtupu ili wanawake wakae chini na kulia, bashi linafungwa uani kwa ajili ya wanaume, na moto unawashwa. Mimi, niliyechora majengo katika nchi ya watu, nilikuwa nimeandaa kilio kamili katika lupango langu, hadi mfiwa. Lakini wakati ule akili yangu yote ilikuwa machoni.

"Papa," akasema mama wa vitumbua kwa sauti ndogo. "Mama iko wapi?"

"Alishaenda," nikajibu, nikijifuta.

"Alishaenda?"

"Asubuhi mapema. Magoti ndiyo yalimshinda, mama. Na hii nyumba."

Akaweka mikono kichwani. "Yooo! Mama yetu eee!"

Nikadhani analia kwa sababu mke wangu amenikimbia na kwenda Kapolowe. Nikaona anazidisha, lakini nikaguswa.

"Usilie hivyo. Ni yeye mwenyewe alitaka. Alisema amechoka."

"Yooo! Hata alisema!"

Na akaondoka mbio, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akitembea haraka. Nikarudi ndani kupaka ukuta wa pili, nikiwa nimeudhika kwamba sasa mtaa mzima utajua mke wangu ameniacha.

Mtaa mzima ulijua. Ndoo ya chokaa haikufika nusu kabla sijasikia sauti barabarani, zikija kwa pamoja. Wanawake wa seluli waliingia langoni wamejifunga vitenge viunoni, mikeka chini ya makwapa, wanalia. Walinipita kama mti. Wakaingia ukumbini, wakatandaza mikeka juu ya magazeti yangu, kando ya kuta zangu mbichi, wakakaa chini na kunyoosha miguu. Nyuma yao wakaja wanaume, wakanipa mkono bila kunitazama machoni, wakaenda kukaa kwenye fotei. Mtu alileta gunia la makala, yaani makaa ya kupikia. Mtu mwingine alileta beseni. Mpangaji wangu wa nyumba ya mbele akazima redio yake, akatoka na tai yake, akasimama kwa heshima mikono ikiwa imeshikana tumboni.

Nilisimama pale na brashi mkononi. Nilijua watu wa Likasi wanapenda habari za watu, lakini kuja na makala kwa sababu mke amekwenda kwa mdogo wake?

Dereva mstaafu, mwenye bashi, mzee Mwislamu mwenye adabu kuliko mtu yeyote mtaani, alinishika begani akanivuta pembeni.

"Pole sana, bwana. Ni kazi ya Mungu. Mwili unafika saa ngapi?"

"Mwili gani?"

"Wa mama. Tutume bantu ku lopitali?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mama wa vitumbua ilipanda kutoka ukumbini, akiongoza kilio, na wengine wakimwitikia:

"Mama eee, ulikuwa napika sombe ya mafuta!"

"Mama eee!"

"Ulikuwa nakaa mu nyumba ya ghorofa!"

"Mama eee!"

"Bwana yako akakuleta ku aneksi!"

"Yooo!"

"Aneksi njo ilikuua, mama eee!"

Nimetukanwa katika maisha yangu. Nimeitwa mgeni, nimeitwa mwosha magari. Lakini kushtakiwa kwa wimbo, katika nyumba yangu, kwa kumuua mke aliye hai kwa kutumia aneksi! Niliingia mlangoni na brashi juu.

"Hakuna aliyekufa! Yuko Kapolowe! Mke wangu yuko Kapolowe, anaangalia chumba!"

Vichwa vyote vilinigeukia. Kisha mama mmoja akamwambia mwenzake, bila hata kuteremsha sauti: "Masikini. Kichwa kimetoka."

"Inafanyaka vile. Bwana ya dada yangu alisema siku tatu kama bibi iko mu soko."

"Mumwagie maji."

Wakanimwagia maji. Wakanikalisha. Nilijaribu kumpigia simu mke wangu mbele yao; simu yake ilikuwa imezimika, maana umeme ulikuwa haujarudi tangu jana na hakuichaji. Nikampigia mdogo wake; mtandao ukasema hapatikani. Kila mara sauti ile ya mashine ilipojibu, wanawake walitikisa vichwa kwa huruma, kama vile ndiyo ushahidi. "Anapigia marehemu simu," wakanong'ona, na kilio kikaanza upya, kitamu zaidi.

Ndipo taksi ya Kapolowe iliposimama langoni.

Baadaye niliambiwa ilivyokuwa. Mke wangu alikuwa amerudi kuchukua nguo zake. Chumba alikipenda, kina dirisha pana, mdogo wake alikuwa ameshakifagia. Alimwambia dereva amngoje, asizime hata injini. Akashuka, akaona bashi. Akaona fotei zake nje na wanaume wamezikalia, wakimkodolea macho kama mzuka, kila mmoja akingoja mwenzake aseme kwanza. Akasikia kilio kinatoka katika nyumba ambamo asubuhi alimwacha mtu mmoja tu, peke yake.

Mimi, niliyekuwa ndani nimezungukwa na mikeka, nilisikia sauti moja mpya huko nje ikipasua zote.

"Bwana yangu eee! Bwana yangu! Nilikuacha peke yako!"

Nilimfahamu mara moja. Nilisimama. Nilitaka kukimbia. Lakini akaendelea.

"Ulinipandishia kitanda ili magoti yangu yasiumie, bwana yangu eee! Uling'oa bizingiti! Ulinitilia chuma mu choo nisianguke, na minye sikusema aksanti! Nani atanishushia masafuria, eee!"

Sitajifanya mtakatifu. Nilisimama nyuma ya mlango nikasikiliza. Tangu tuhamie nyuma sikuwa nimesikia neno moja jema juu ya kazi yangu, na hapa lilikuwa linakuja lote kwa mpigo, kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi, na mpangaji akiwemo. Nilitaka aimalize orodha. Alifika kwenye dirisha la salon. Nadhani angefika hata kwenye meza, angeisamehe hata ile, lakini mama wa vitumbua alichungulia nje, akamwona marehemu amesimama uani analia, akapiga ukelele ambao sitausahau, na mimi nikalazimika kutoka.

Nilitoka mweupe kuanzia utosini, nimelowa maji, brashi mkononi.

Mke wangu aliniona. Akarudi nyuma hatua moja, akashika fotei.

"Usinikaribie! Weye uko muzima ao?"

"Niko mzima! Na wewe?"

"Minye? Juu ya nini nisikuwe muzima?"

"Si ndiyo wewe uliyekufa!"

Mzee dereva alikuwa wa kwanza kucheka, akiwa ameinama, ameshika magoti. Kisha wanaume kwenye fotei. Kisha wanawake walitoka wakamgusa mke wangu mashavu, mikono, wakamfinya kuhakikisha, wakalia tena, safari hii wakicheka ndani ya kilio. Mama wa vitumbua alinigeukia na kunipiga kwa kitenge. "Papa, weye ulisema alishaenda!"

"Kapolowe!"

"Muntu anasema 'alishaenda Kapolowe'! Hasemi 'alishaenda' halafu anatoa machozi!"

"Ni chokaa!"

Hakuna aliyetaka kusikia habari za chokaa.

Mke wangu alipotulia, alitaka kujua walikuwa wamekaa wapi. Wakamwonyesha. Alisimama mlangoni pa ukumbi mtupu, mkono mmoja kwenye ukuta mbichi, akatazama mikeka iliyotandazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Wanawake walirudi kukaa, mmoja baada ya mwingine, wakanyoosha miguu, na mke wangu aliwatazama mpaka wa mwisho alipokaa. Hakuna aliyebaki nje. Palibaki hata nafasi ya beseni la chakula katikati.

"Bote wameingia," akasema polepole.

"Bote," mama wa vitumbua akamjibu. "Na minye sikukwama."

Hapo nilifungua mdomo ili nieleze kwamba hivi ndivyo nilivyokuwa nasema tangu mwanzo, kwamba katika nyumba ndogo sakafu ndiyo samani ya kwanza, kwamba nina ramani. Mke wangu akaninyamazisha kwa kiganja bila hata kunigeukia.

"Leteni fotei moja," akawaambia wanaume. "Ile ya karibu na moto. Magoti yangu hayaendi chini. Zingine zibaki huko huko, muntu atazichukua."

Walileta. Wakaiweka pembeni mwa dirisha langu pana, naye akakaa, akawa juu kidogo ya wote, kama alivyokuwa katika villa, au zaidi. Seluli ikaanza pale pale, siku isiyo yake, kwa wimbo wa shukrani. Makala yalishaletwa, yakawashwa. Beseni lilishaletwa, likajazwa.

Nikasogea kwenye kiti chake nikainama sikioni mwake.

"Umesema kitanda ni kizuri."

"Nilisema wapi?"

"Hapo nje. Kila mtu amesikia. Na vizingiti. Na chuma cha chooni."

"Nilikuwa nalia," akasema, macho yakiwa kwa wanawake wake. "Muntu akilia anasema kila kitu."

Honi ililia langoni. Dereva wa taksi alikuwa amechoka kungoja; aliingia hadi mlangoni, akachungulia juu ya vichwa vya watu.

"Mama, bintu vyako viko wapi tupakize?"

Mke wangu alimtazama kana kwamba hamfahamu.

"Bintu gani? Enda tu, mwanangu. Uwaambie ku Kapolowe siendi. Huoni niko na bantu mu nyumba?"

Dereva alinitazama mimi, akitaka maelezo.  Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti ambacho hakipo tena, mguu mmoja ndani na mmoja nje, nikitafuta kwa macho mahali pa kukaa katika nyumba niliyoichora mwenyewe, na hapakuwa na nafasi hata ya kuweka unyayo.